Usiuze sanduku la vyombo kabla hujaandika wasifu wa mzee

Dada, mpigie simu baba yako mdogo sasa hivi umwambie kwamba mnunuzi wa vyombo vya kazi vya mzee asije Jumatano. Mengine yote uliyoyauliza yanaweza kungoja, lakini hilo haliwezi, na ninashangaa kwamba katika uzi mzima watu wamekazana kukushauri kuhusu rangi ya karatasi na picha ya ukurasa wa mbele, huku sentensi moja uliyoichomeka katikati ikipita bila mtu kuishika. Umeandika kwamba mzee wako aliunda mashua pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwa zaidi ya miaka thelathini, kwamba mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo huko Siaya, na kwamba unataka kujua wasifu uwe na kurasa ngapi, nani ausome, kama inafaa kutangaza redioni, na kama shilingi 3,500 anazodai kijana wa saiba, yule wa duka la kompyuta, ili akuandikie ni bei ya haki. Kisha ukaongeza, kama jambo la kupitia tu, kwamba baba mdogo amepata mtu wa kununua vyombo vya mzee ili pengo la bajeti lizibwe.

Mimi niliyafanya hayo mawili katika wiki moja. Niliuza sanduku la vyombo vya baba yangu siku ya Jumanne, na siku ya Jumamosi nikasoma wasifu wa kununua. Ilikuwa Juni 2022. Baba alikuwa seremala Nakuru, katika karakana ya mabati kando ya barabara ya kwenda Kaptembwa, na alizikwa kwao Vihiga. Mimi ni kitinda mimba katika watoto watatu, lakini kazi ya wasifu niliangushiwa mimi kwa hoja moja tu, kwamba nimesoma chuo kikuu, kana kwamba chuoni kuna somo la kuzika wazazi.

Nilichofanya ni kile kile unachotaka kufanya wewe. Nilifungua mfuko wa plastiki ambamo baba aliweka stakabadhi zake, nikapata kitambulisho, kadi ya ubatizo, na vyeti viwili vya mtihani wa serikali wa ufundi, daraja la tatu la mwaka 1983 na daraja la pili la mwaka 1987. Nikaona nimeyashika maisha yake yote mkononi. Mtu alishika randa kwa karibu miaka arobaini, nami nikaamini kwamba karatasi nne zinamtosha.

Kijana wa saiba niliyempelekea stakabadhi hizo simtaji jina wala mtaa, na hata ningemtaja isingekusaidia, kwa maana wapo kama yeye katika kila mji wenye mochari. Alikuwa na kielelezo kilichokwisha kuandikwa ndani ya kompyuta. Aliniuliza mambo matano: jina, mwaka wa kuzaliwa, idadi ya watoto, dhehebu na ugonjwa. Nilipomuuliza kama hahitaji kujua chochote kuhusu kazi ya mzee, alinijibu bila kuinua macho kwamba wasifu wote ni mmoja, kinachobadilika ni jina na picha. Leo nikiyakumbuka maneno hayo natamani kurudi nimpindulie meza, lakini siku ile nilicheka, tena nikaona kwamba huyu ni mtu mwenye uzoefu, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka mtu wa kunitua mzigo. Mwenzetu aliyekubandikia kielelezo hapo juu na kukuambia ujaze tu nafasi zilizoachwa wazi ana nia njema, bila shaka, lakini anakuuzia bidhaa ile ile bila malipo. Mimi nililipa shilingi 3,000, kwa hiyo angalau ninaweza kujivunia kwamba nilidanganywa kwa bei nafuu kuliko inayokungoja wewe.

Kisha ikaja hesabu ya kuchapisha. Zilitakiwa nakala 300 za kurasa nane zenye rangi, shilingi 60 kila nakala, jumla shilingi 18,000. Baada ya jeneza, gari, hema na chakula, kamati ya mazishi ilikuwa imebakiwa na shilingi 4,000 katika fungu hilo. Ndipo mwenyekiti wa kamati, binamu yangu ambaye hadi leo tukikutana harusini tunasalimiana kwa mbali, akatamka maneno ambayo nina hakika baba yako mdogo ameshakwambia kwa namna yake: vyombo havizikwi na mwenyewe. Ilionekana kuwa hoja nzito. Mimi sijui kuranda, kaka yangu ni dereva, dada yangu ni muuguzi, na sanduku lile lingebaki uani likingoja mchwa. Baada ya saa mbili mnunuzi alikuwa amefika na mkokoteni, na bei aliyoitoa ilikuwa shilingi 14,000. Hesabu ilifunga bila kubakisha hata senti, nami nikaichukua kuwa ishara ya baraka. Nilishika upande mmoja wa sanduku nikamsaidia kulipakia. Mama alikuwa chumbani na wanawake waliokuja kumliwaza, na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Nataka ulione jambo hili jinsi lilivyo, kwa sababu ndilo linalokukabili Jumatano. Nilivitoa vyombo ambavyo baba alitulelea, nikavibadilisha na karatasi za rangi zilizosema kwamba baba alitulea.

Jumamosi ikafika, nikasimama mbele ya watu nikasoma. Aya ya pili ilitangaza kwamba baba alikuwa mcheshi na mpenda mazungumzo, ilhali baba alikuwa mtu wa maneno machache kiasi kwamba kuna wateja wapya waliowahi kumwandikia mahitaji yao kwenye karatasi wakidhani ni bubu. Aya ya tatu ilisema kwamba aliugua kwa muda mrefu na kuyakabili maradhi kwa ujasiri. Baba aliugua siku kumi na moja, na kwa kweli aliyakabili kwa kununa. Aya ya nne ilimsifu kwa ufugaji wa kuku wa mayai, na sisi hatujawahi kufuga hata jogoo. Halafu nikafika kwenye wajukuu, na hapo ulimi uliitangulia akili, nikasoma kama ilivyoandikwa kwamba ameacha wajukuu wanane aliowapenda sana. Wajukuu wake ni watatu.

Shangazi yangu mkubwa, ambaye kunong'ona kwake husikika hadi barabarani, alimwinamia mama akauliza wale watano wengine ni wa nyumba ipi. Waliokuwa wamesinzia waliamka. Jioni ile wazee wawili walinivuta kando, kila mmoja kwa wakati wake, wakanishauri kwamba kama baba alikuwa na boma lingine Nakuru, basi huu ndio wakati wa kulitaja, kabla udongo haujakauka. Kwa wiki nzima mama alikuwa akiniuliza kwa upole wa kutisha kama nina hakika kwamba yule kijana alikosea tu. Ni marehemu gani aliyekuwa na kuku na wajukuu wanane, na aliyetangulia kutumia kielelezo kile kabla yetu, sitajua kamwe, lakini ninamwombea, na ninatumaini kwamba kwenye mazishi yake hakuna aliyemsifu kwa useremala.

Mnaweza kucheka. Mimi pia hucheka, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa kosa dogo.

Kosa kubwa lilikuwa limesimama nyuma ya hema. Wanaume watano waliojifunza useremala kwa baba walikuwa wameondoka Nakuru kabla ya alfajiri, wakapita Kericho na Ahero hadi Kisumu, na kutoka hapo wakapanda hadi kwetu. Hawakuwamo katika ratiba, kwa kuwa ratiba nayo ilitoka kwenye kompyuta ile ile, na humo palikuwa na nafasi ya wakwe, ya wanasiasa, ya chama cha akina mama na ya majirani, lakini hapakuwa na nafasi ya watu waliovuta vumbi la mbao pamoja na marehemu. Mkubwa wao aliomba dakika tatu. Mfawidhi alimjibu kwamba muda umekwisha, na ni kweli ulikuwa umekwisha, kwa maana mwanasiasa mmoja ambaye hakuwahi kumwona baba akiwa hai alikuwa ameshakula dakika ishirini na tano akitusimulia habari za barabara.

Baada ya chakula yule mkubwa wa wanagenzi alinijia, akanipa mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, bila lawama yoyote, "Daftari mmelisoma?"

Nikamuuliza daftari gani.

Sanduku la baba lilikuwa na sakafu mbili. Ukivitoa vyombo vyote, zile randa tatu, misumeno, keekee, na patasi kumi na moja zilizoviringishwa katika kipande cha turubai, kisha ukaibonyeza kona ya kushoto, ubao wa chini huinuka, na chini yake yalikuwapo madaftari manne yaliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Sanduku hilo alilitengeneza mwenyewe, na wanagenzi wake wote waliijua siri yake, kwa sababu kila jioni kabla ya kufunga karakana walimwona akiandika. Sisi watoto wake hatukuijua. Mimi niliyesoma sikuijua.

Mle ndani baba alikuwa ameandika kila kitu alichokitengeneza: ni nini, kwa mbao gani, kwa vipimo gani, cha nani, bei, kilicholipwa na kilichobaki, na mwishoni mwa mstari, pesa hizo zilikwenda wapi. Mkubwa wa wanagenzi alinisimulia aliyoyakumbuka na aliyosimuliwa na baba mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye viti vya kukodi hadi mwenye viti alipokuja kuvidai. Mwaka 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza na shule zikatakiwa kufundisha masomo ya ufundi, baba aliyekuwa na daraja la tatu tu alipata kazi ya kuunda meza za useremala za wanafunzi, na pesa za meza hizo ndizo zilizoanza kulipa mahari ya mama. Mwaka 2003, serikali ilipofuta karo katika shule za msingi na watoto wakafurika madarasani hata wakakaa sakafuni, aliunda madawati 120 kwa ajili ya shule moja ambayo ililipa nusu ya bei. Nusu iliyobaki aliendelea kuihamisha kutoka daftari hadi daftari, kila alipoanza jipya, kwa mwandiko ule ule, bila kuongeza neno la hasira.

Halafu akanisimulia mwaka 2018. Februari ya mwaka huo ilitangazwa marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali, ambayo ilikuja kuondolewa Julai 2023, baba akiwa ameshakaa mwaka mzima kaburini. Malori ya mbao za saipresi yaliyokuwa yakishuka kutoka Elburgon yaliadimika, bei ya ubao ikapanda, na maseremala wengi waliokuwa jirani na baba wakafunga milango. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Nilikuwa nikimpigia simu kulalamika kwamba pesa za matumizi zimechelewa, naye alikuwa akijibu "Zitafika," kisha anakata. Sikujua kwamba mwaka huo alikuwa akizunguka mitaa ya Bondeni na Shabab akinunua milango mikuukuu iliyooza upande wa chini, akikata sehemu iliyo nzima, akiing'oa misumari na kuiranda upya hadi ikawa stuli na vitanda vya watoto. Katika daftari, mbele ya kila stuli ya mwaka ule, palikuwa na neno moja, "mdogo," yaani mimi.

Wasifu niliousoma ulikuwa umesema kwamba aliendelea na kazi yake hadi alipoitwa na Bwana.

Jumatatu nilikuwa Nakuru. Mnunuzi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana ningependelea awe mbaya ili nipate pa kuishusha hasira. Alinieleza kwa utaratibu kwamba randa amemuuzia mtu wa Njoro, patasi zimetawanyika mojamoja, na madaftari, naam, alikuwa ameyaona, akampa muuza misumari aliye jirani yake kwa sababu karatasi yake nene ilifaa kufungia bidhaa. Nilikwenda kwa muuza misumari. Alikuwa amebakiwa na jalada moja, lenye namba 3 kwa mwandiko wa baba na doa la vanishi lenye umbo la kidole gumba. Sanduku lenyewe nililipata baada ya wiki tatu, ndani ya kioski, limejaa pakiti za unga, nikalinunua tupu kwa shilingi 5,000. Lipo kwangu. Nikiibonyeza kona ya kushoto, ubao bado huinuka.

Nilipopata ujasiri wa kumweleza mama, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba madaftari aliyajua. Alikuwa akimsomea baba hesabu zake usiku macho yalipoanza kumsumbua. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akaniuliza ni nani kati yetu aliyemuuliza.

Ukurasa mmoja ndio uliosalia, nao umesalia kwa bahati. Mwaka 2012 baba alimchania mwanagenzi wake karatasi yenye mchoro wa kabati la vyombo ili aende nayo nyumbani akajifunze, na nyuma ya mchoro huo ipo mistari sita. Nitakunakilia miwili. Wa kwanza unasema: "Kitanda 4 kwa 6, saipresi, mama wa maziwa, 6,500. Kalipa 4,000. Karo ya mdogo muhula wa 2." Wa pili unasema: "Meza ya kanisa. Bure. Mdogo kapona malaria." Meza hiyo bado ipo kanisani. Nimekaa mbele yake Jumapili nyingi nikidhani ni meza tu.

Laiti ningekaa na wale watu watano, sanduku likiwa wazi katikati yetu, kabla sijashika kalamu, ningeandika kuhusu mkono wa kushoto wa baba, ambao haukuwa na vinyweleo kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, kwa sababu kila alipomaliza kunoa chuma cha randa kwenye kinoo alikijaribu hapo, na kama hakikunyoa alirudi kunoa. Mimi nilikua nikidhani ni alama ya kuungua. Ningeandika kwamba penseli zetu za shule alizichonga kwa patasi, zikawa na ncha bapa kama ya penseli aliyoichomeka sikioni, na mwalimu wangu wa darasa la pili aliweza kuokota penseli sakafuni akajua moja kwa moja ni ya nyumba ipi. Ningeandika kwamba baada ya shule tulikwenda karakana, tukasoma vitabu vyetu kwa sauti huku tumekalia marundo ya maranda, na kwamba yeye, ambaye hakumaliza shule ya msingi, hakuwahi kutusahihisha kwa neno. Randa ilisimama tu. Ikisimama ulijua umekosea, ukairudia sentensi, na ukipatia ikaendelea. Kwa miaka mingi niliona ni kama uchawi, mpaka mwanagenzi mmoja aliponieleza kwamba baba hakuwa akiyasikiliza maneno bali kusita kwetu, kama alivyosikiliza ubao ili ajue mahali penye fundo. Hadi leo nikisoma ripoti mbele ya watu kazini, masikio yangu huwa yanangoja sauti ile.

Nusu ya mambo hayo niliyajua tangu utotoni, lakini yalikuwa yamelala, na yaliamka tu wale watu walipoanza kutaja vyombo kimoja baada ya kingine. Ndiyo maana ninakusisitizia jambo moja na nitaendelea kulisisitiza hata mkinichoka: chombo hata kimoja kisitoke nyumbani, na neno hata moja lisiandikwe, kabla hujavitandaza vyombo vyote chini mbele ya watu waliofanya naye kazi.

Usiwaulize mzee alikuwa mtu wa namna gani, kwa maana watakujibu kwamba alikuwa mtu mzuri, na utakuwa umerudi kwenye kielelezo. Inua tezo uulize ni nani aliyempa, na mpini wake umebadilishwa mara ngapi. Inua keekee uulize iliwahi kumjeruhi nani. Uliza mkuku wa mashua aliuchonga kwa mti gani na mti huo aliupata wapi, mianya kati ya mbao aliiziba kwa kitu gani, mataruma aliyapataje mapindo yake, na alijuaje kwamba mashua iko tayari kushushwa majini. Uliza ni mashua zipi za mkono wake ambazo bado zinaingia ziwani usiku kufuata omena, na ni jina gani limechorwa ubavuni mwa kila moja. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mojawapo ina jina lako au la ndugu yako na hujawahi kuliona. Uliza gugumaji lilipoifunga ghuba ya Winam na wavuvi wakakosa pa kupita, mzee aliishi kwa kazi gani, kwa sababu mvuvi asiyevua haagizi mashua mpya, na ninyi mlikuwa mkila na kwenda shule vile vile. Watakutajia vitu vingi kwa majina ya Kijaluo. Yaandike hivyo hivyo, usiyatafutie maneno ya kitabuni, maana hayo ndiyo maneno aliyoyatumia mikono ikiwa kazini.

Na mama yako awepo. Mtolee kiti, akae pale pale vyombo vilipo, asiachwe chumbani na waombolezaji.

Halafu lichunguze sanduku lenyewe, au gunia, au chochote alichokitumia kuhifadhia. Bonyeza kila kona. Kung'uta kila kitambaa. Fundi aliyeweza kuizuia maji mashua hawezi kushindwa kuficha karatasi.

Baba mdogo atasema kwamba muda hautoshi na pengo la bajeti liko pale pale. Muda unatosha, kwa sababu jambo lote hili ni alasiri moja, na wale watu watakuja hata usiku ukiwaita kwa heshima na kuwapa chai. Kuhusu pengo, chapisheni kurasa mbili za rangi nyeusi na nyeupe, nakala za kutosha wakubwa tu, na mtaona kwamba pengo limejiziba lenyewe. Sijawahi kumwona mtu aliyelia kwa sababu karatasi inang'aa. Baada ya mazishi, baada ya kusoma kila kipande cha karatasi, mama akiwa ameketi hapo na waliofanya kazi na mzee wakiwa wamechagua kila mmoja chombo cha kumkumbuka, familia ikiamua kuuza kilichosalia, uzeni. Mimi si mlinzi wa makumbusho. Mkubwa wa wanagenzi wa baba ana karakana yake sasa, na anatumia randa ndogo ambayo baba alimwazima mwezi mmoja kabla ya kuugua. Hiyo ndiyo iliyookoka, kwa kuwa haikuwamo sandukuni siku niliyolisaidia kupanda mkokotenini. Alitaka kunirudishia. Nilikataa, nikamwomba tu aniruhusu niwe nikipita mara mojamoja nisikie akiranda.

Yule kijana wa saiba mwambie umeghairi. Akisema ameshaanza kuandika, muulize mzee wako ana wajukuu wangapi.

Pole sana kwa msiba, dada. Nimechelewa kuisema kwa sababu ya hasira, na hasira yenyewe si yako. Sasa mpigie baba mdogo. Akikwambia kwamba vyombo havizikwi na mwenyewe, mwambie kuna mtu Nakuru aliyeweka sanduku tupu sebuleni, na kwamba yuko tayari kuzungumza naye kwa simu usiku wowote kabla ya Jumatano.